Hisani Isiyojua Jina la Mtoto

Mnamo Machi 2022, majuma machache baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari, nilisimama mbele ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nikiwaeleza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyowafungulia wakimbizi milango. Niliusifu ukarimu huo kwa maneno mengi. Niliwaeleza kwamba tarehe 4 Machi Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza kutumia agizo la mwaka wa 2001, agizo lililokaa kabatini kwa zaidi ya miaka ishirini pasi na kutumiwa, na kwamba kwa mujibu wake mkimbizi kutoka Ukraine aliruhusiwa kuishi, kufanya kazi, kutibiwa na kuwapeleka wanawe shuleni bila kungoja maombi yake ya hifadhi yasikizwe. Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "na yule asiye na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ametoka Ukraine?"

Nilimjibu upesi upesi kwamba watu wa aina hiyo ni wachache, na kwamba serikali husika hazingekosa kuwatafutia njia. Kengele ikalia, wanafunzi wakatawanyika, nami nikafunga daftari langu nikidhani nimeshalimaliza somo. Kumbe somo lilikuwa ndiyo kwanza lianze. Nilikosea, na makala haya ni majaribio yangu ya kumjibu binti yule kwa namna iliyompasa.

Watu aliowauliza bila kuwajua majina ni Waroma. Tusiwachanganye na Warumi wa kale wa Roma ya akina Kaisari, maana majina yanashabihiana tu, lakini hawana uhusiano wowote. Waroma ni jamii iliyotoka India karne nyingi zilizopita, ikapitia Uajemi na nchi za Waturuki hadi ikaenea Ulaya nzima. Lugha yao, Kiromani, bado inaeleza safari hiyo. Mroma huhesabu yek, dui, trin, na Mhindi naye husema ek, do, tin. Jina la dharau ambalo Waingereza waliwapachika lilizaliwa na dhana potofu kwamba watu hao walitoka Misri. Baraza la Ulaya hukadiria kwamba idadi yao barani humo ni kati ya milioni kumi na milioni kumi na mbili, nao aghalabu hutajwa kuwa ndio wachache walio wengi kuliko wachache wote wa Ulaya.

Historia yao ni ya kuhuzunisha. Katika nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo leo zimo katika Romania na jirani zake, Waroma walikuwa watumwa kwa karne kadhaa, wakiuzwa na kurithishwa kama ng'ombe, hadi utumwa huo ulipopigwa marufuku katikati ya karne ya kumi na tisa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, utawala wa Hitler uliwaua kwa mamia ya maelfu, na kuna makadirio yanayofikisha idadi hiyo 500,000. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 wale waliokuwa wamesalia katika sehemu yao ya kambi ya Auschwitz-Birkenau, zaidi ya watu 4,000, wengi wao wanawake, wazee na watoto, walipelekwa katika vyumba vya gesi. Serikali ya Ujerumani Magharibi haikukiri rasmi kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kimbari hadi mwaka wa 1982. Manusura wengi walikuwa wamekwisha kufa bila kusikia neno hilo.

Nimeyaeleza haya kwa sababu msomaji hawezi kuelewa ni kwa nini mama wa Kiroma husita kumtajia jina lake karani mwenye daftari iwapo hajui kwamba nyanya yake aliwahi kuandikishwa katika daftari, na daftari lile ndilo lililotumika kumtafuta.

Hebu sasa tuitazame Ukraine yenyewe. Sensa ya mwaka wa 2001 iliwahesabu Waroma wapatao 47,600. Lakini makadirio yaliyotumiwa na Baraza la Ulaya yalifika hadi 400,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni kubwa mno kuweza kuitwa kosa la hesabu. Ndani yake mna watu waliojificha wasihesabiwe, na mna wengine ambao serikali haikujishughulisha kuwahesabu. Maelfu miongoni mwao hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa wala vitambulisho. Wapo waliozaliwa nyumbani, wapo ambao vyeti vyao vilitolewa na dola ya Kisovieti iliyosambaratika mwaka wa 1991, na wapo ambao wazazi wao pia hawakuwahi kuandikishwa. Mtoto wa mtu asiye na karatasi huzaliwa bila karatasi, na hivyo ndivyo umaskini wa hati unavyorithishwa kama shamba.

Isitoshe, hawakuwa wakiishi kwa amani hata kabla ya vita. Mnamo Aprili 2018 genge la vijana wenye siasa kali liliwafukuza Waroma kutoka makazi yao katika kilima cha Lysa Hora jijini Kyiv na kuyateketeza mahema yao. Mwezi Juni mwaka huo huo kambi yao karibu na mji wa Lviv ilivamiwa usiku na kijana mmoja akauawa. Miaka minne baadaye bomu lilipoanguka, halikuuliza huyu ni Mroma au si Mroma. Wanaume wa Kiroma walishika bunduki kuitetea nchi hiyo hiyo, na wake zao wakashika watoto mkononi kuelekea mpakani.

Huko mpakani ndiko swali la binti yule lilikokuwa likingoja. Sheria ya hali ya vita ya Ukraine iliwazuia wanaume wenye umri kati ya miaka 18 na 60 kuondoka nchini, ila baba mwenye watoto watatu au zaidi walio chini ya umri wa utu uzima aliruhusiwa kusafiri na familia yake. Hilo lilikuwa jambo la huruma. Lakini je, baba mwenye watoto watano wasio na cheti hata kimoja angethibitisha vipi kwamba watoto wale ni wake? Agizo la Umoja wa Ulaya nalo liliwataja raia wa Ukraine pamoja na watu wasio na utaifa waliokuwa wametambuliwa na kulindwa rasmi nchini humo. Yule ambaye hakutambuliwa na nchi yoyote hakutajwa. Mlango ulikuwa wazi, lakini kizingiti chake kilikuwa cha karatasi.

Nchini Moldova, nchi maskini iliyowapokea wakimbizi wengi kwa moyo ambao mataifa tajiri yangefaa kuuiga, shirika la Human Rights Watch liliripoti mnamo Mei 2022 kwamba Waroma walikuwa wakitengwa na wakimbizi wenzao na kupelekwa katika makazi ya peke yao, likiwemo jumba la michezo jijini Chișinău. Katika Jamhuri ya Czech, mamia ya Waroma walikwama katika kituo kikuu cha garimoshi cha Praha katika miezi ya Aprili na Mei mwaka huo, wakilala sakafuni pamoja na watoto wachanga. Wengi walitoka katika jimbo la Transcarpathia, magharibi mwa Ukraine, ambako Waroma wengi huzungumza Kihungaria. Baadhi yao walikuwa na uraia wa Hungaria pamoja na ule wa Ukraine, na kwa kuwa raia wa Hungaria ni raia wa Umoja wa Ulaya, ikasemwa kwamba hawakustahili ulinzi uliotengewa wakimbizi. Hivyo basi, asiye na karatasi alikataliwa kwa kukosa, na mwenye karatasi mbili akakataliwa kwa kuzidisha.

Hapa ndipo tunapofikia kadhia yenyewe ninayotaka tuijadili, yaani ubia wa mashirika ya hisani. Misaada haikukosekana. Sijui vita vingine vya miaka ya karibuni ambavyo viliamsha ukarimu wa haraka namna ile. Fedha zilichangwa, malori yakapakiwa, wananchi wa kawaida walikwenda mipakani na vyakula, nguo na magari yao wenyewe. Lakini msaada, kama maji, hufuata mifereji iliyokwisha kuchimbwa. Mifereji ya hisani ya kimataifa imechimbwa kupitia ofisi za usajili, foleni, namba za simu, akaunti za benki na anwani za nyumba. Anayeishi nje ya mambo hayo huyaona maji yakipita.

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Shirika kubwa lenye makao yake Geneva au Brussels lina fedha na lina malori, lakini halijui kwamba katika mtaa fulani wa Uzhhorod au Mukachevo kuna kina mama ambao hawatafungua mlango kwa mtu aliyevaa kizibao chenye nembo. Anayelijua hilo ni yule aliyekaa nao kabla ya vita. Nchini Ukraine kumekuwapo, kwa mfano, Chiricli, mfuko wa wanawake wa Kiroma wenye makao jijini Kyiv, ambao kwa miaka mingi uliwafunza watu wa jamii hiyo kuwa wajumbe wa afya. Kazi ya mjumbe ni kumsindikiza mgonjwa hadi hospitali, kumsemea mbele ya daktari, kufuatilia cheti cha mtoto katika ofisi ya msajili, na kurejea nyumbani kwa familia hiyo kesho yake. Vita vilipoanza, watu kama hao walikuwa tayari wanawajua watoto kwa majina yao. Huwezi kuusafirisha ujuzi wa namna hiyo kwa ndege ya mizigo.

Nchini Czech vilevile, miongoni mwa waliokwenda kuwahudumia waliokwama pale Praha lilikuwamo Romodrom, shirika lililokuwa limefanya kazi miongoni mwa Waroma wa nchi hiyo tangu mwanzoni mwa karne hii. Na nchini Ujerumani kuliundwa mwezi Machi 2022 mtandao wa misaada kwa ajili ya manusura wa mateso ya Wanazi walioishi Ukraine, na taasisi za Wasinti na Waroma wa Ujerumani zikawa ndani yake. Hebu fikiri, msomaji. Bibi aliyenusurika akiwa mtoto mwaka wa 1941, wakati Waroma walipokuwa wakiuawa pamoja na Wayahudi katika bonde la Babi Yar, alikuwa akikimbia tena akiwa na umri wa miaka themanini na ushei, na safari hii msaada ulimjia kutoka Ujerumani, mikononi mwa watu wa damu yake. Huo ndio ubia ninaousifu, kwa sababu mpokeaji alitafutwa na watu wanaojua alikotoka.

Lakini si kila kinachoitwa ubia ni ubia. Mara nyingi shirika kubwa huandika mpango, huutafutia fedha, huajiri wataalamu, kisha humwita mwenyeji siku ya kugawa blanketi ili asaidie kutafsiri na kupiga picha. Mwenyeji hupewa fulana na posho ya siku. Hashauriwi kama blanketi ndizo zilizohitajika au kama kilichotakiwa ni wakili wa kutafuta vyeti. Mpango ukimalizika, shirika huondoka na taarifa yake, na mwenyeji hubaki na lawama za wale ambao hawakupata. Huyo si mbia bali ni kibarua.

Ulimwengu wenyewe umekwisha kukiri kosa hili. Katika mkutano mkuu wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul mwezi Mei 2016, mataifa wafadhili na mashirika makubwa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka wa 2020 angalau robo ya fedha za misaada itawafikia wahudumu wenyeji kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka wa 2020 ulifika, ukapita, na lengo hilo halikufikiwa. Vita vya Ukraine vilianza huku ahadi ya Istanbul ikiwa bado deni.

Yuko atakayenipinga, na hoja yake ina uzito. Atasema kwamba mashirika madogo hayana wahasibu, kwamba fedha za wachangaji ni amana, na kwamba kuna matapeli wanaojiita wasemaji wa wanyonge ilhali wanajinenepesha wenyewe. Ni kweli. Wala si kila anayejiita kiongozi wa Waroma anakubalika na Waroma wote, kwani jamii hiyo ina makundi mengi, lahaja nyingi na dini zaidi ya moja. Sisi tuliokulia katika nchi ambayo neno harambee limewahi kuheshimiwa na kutumiwa vibaya kwa zamu tunajua vyema kwamba umaskini si cheti cha uaminifu.

Hata hivyo, hoja hiyo haitufikishi pale wanakotaka wanaoitoa. Ikiwa shirika dogo halina mhasibu, dawa yake ni kulilipia mhasibu, wala si kulinyima fedha miaka nenda miaka rudi kisha kulilaumu kwa kukosa mhasibu. Tena makosa ya mashirika makubwa, yajapotokea, huwa makubwa kama yenyewe. Nitatoa mfano mmoja, nao ndio ulionifanya nikose usingizi nilipousoma kwa mara ya kwanza.

Mnamo Juni 1999, vita vya Kosovo vilipokoma, Waalbania waliokuwa wamefukuzwa na majeshi ya Serbia walirejea makwao. Baadhi yao waliwageukia Waroma wakiwashutumu kuwa walishirikiana na Waserbia. Mtaa wa Waroma katika mji wa Mitrovica, uliokuwa na wakazi wapatao 8,000, uliporwa na kuchomwa moto. Wengi walikimbilia nchi nyingine. Familia za watu wapatao 600 zilizosalia ziliwekwa katika kambi za muda chini ya utawala wa Umoja wa Mataifa. Kambi hizo zilikuwa karibu na mabaki ya migodi na viwanda vya Trepča, mahali ambapo udongo na vumbi vilijaa madini ya risasi. Watoto walicheza katika vumbi hilo. Kilichosemwa kuwa cha muda kikawa cha miaka. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani lilipima na kukuta kwamba viwango vya risasi katika damu ya watoto vilikuwa vya hatari kubwa, likashauri kwamba familia zihamishwe. Kambi ya Česmin Lug haikufungwa hadi mwaka wa 2010, na nyingine ikaendelea kwa muda baada ya hapo.

Mwalimu yeyote anajua maana ya jambo hili, au anapaswa kulijua. Madini ya risasi hushambulia ubongo unaokua. Mtoto aliyelishwa sumu hiyo huketi darasani akishindwa kukumbuka alichofundishwa asubuhi, naye huitwa mzito, mvivu au mtukutu. Mwaka wa 2016 jopo la Umoja wa Mataifa lenyewe, lililosikiliza malalamiko ya watu 138, liliamua kwamba utawala wa Umoja huo nchini Kosovo ulikiuka haki zao, na likapendekeza waombwe radhi na kulipwa fidia. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulitangaza mfuko wa hiari wa kufadhili miradi ya jamii, lakini haukuwatengea wahasiriwa fidia ya mtu mmoja mmoja. Mfuko wa hiari, msomaji, ni bakuli linalowekwa barabarani.

Najiuliza: je, kama wazazi wale wangeketi mezani siku eneo la kambi lilipochaguliwa, wangekubali kuwalaza watoto wao kando ya jaa la mgodi? Wao walikuwa wenyeji wa Mitrovica. Walijua moshi wa Trepča ulikotoka na ulikoangukia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale waliochagua mahali pale hawakulala pale. Walikuwa na magari, wahasibu na taarifa zilizopigwa chapa vizuri. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia hapana, mwenye mamlaka ya kusikizwa.

Kutoka kambini hatuna budi kuingia shuleni, maana huko ndiko hatima ya mtoto inakoamuliwa. Mtoto wa Kiroma anayekimbia vita hukimbia na vita viwili. Kimoja ni cha mizinga. Cha pili kilimkuta kabla ya mizinga na humngoja aendako. Tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya wanafunzi 18 wa Kiroma kutoka mji wa Ostrava, nchini Czech. Ushahidi ulionyesha kwamba katika mji huo mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mwenzake asiye Mroma wa kupelekwa katika shule za watoto wenye upungufu wa akili. Walipewa mtihani kwa lugha na desturi ambazo hawakuzizoea, wakaanguka, na anguko lile likaitwa maumbile. Mahakama ikasema huo ni ubaguzi. Katika nchi hiyo hiyo ndimo walimoingia, miaka 15 baadaye, watoto wa Kiroma kutoka Ukraine.

Kwa hiyo mpango wa hisani unaompa mtoto wa mkimbizi mkoba, kalamu na picha, kisha ukamwacha mlangoni mwa shule ambayo haikumtaka, umefanya nusu ya kazi iliyo rahisi. Nusu ngumu ni kumtafutia hati ya kumwandikisha, mwalimu msaidizi anayekijua Kihungaria au Kiromani, na mama wa jamii yake atakayemshika mkono asubuhi za kwanza hadi azoee. Vita vya Ukraine viliwakuta watoto wengi wakisomeshwa kwa kompyuta wakiwa mbali na walimu wao. Nyumba isiyo na kompyuta, wala umeme wa kutegemewa, wala mzazi aliyesoma, haikuhitaji kufungiwa shule. Shule ilikuwa imekwisha kujifungia yenyewe. Na mwaka wa masomo ukipotea si kama mwaka wa mavuno, kwamba mvua ikinyesha utapanda tena. Mtoto wa miaka saba aliyekaa miaka mitatu bila darasa hurudi akiwa na miaka kumi, akiaibika kukaa na wadogo, na aibu humtoa shuleni upesi kuliko njaa.

Huenda mwalimu mwenzangu akaniuliza yote haya yanatuhusu nini sisi wa Kenya. Yanatuhusu kwa sababu swali la karatasi ni letu pia. Mwaka wa 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kutowapa utaifa tangu wazaliwapo, watoto ambao babu zao waliletwa hapa wakiwa askari wa Mwingereza. Miongoni mwa waliowasilisha malalamiko hayo ilikuwapo taasisi ya wanasheria iitwayo Open Society Justice Initiative, taasisi ile ile iliyoshiriki kuwatetea watoto wa Ostrava. Mtoto wa Kibera na mtoto wa Ostrava walisemewa na wakili wa aina moja kwa sababu walinyimwa kitu cha aina moja. Wamakonde wa Kwale nao hawakuutambua uraia wao kwa hisani ya mtu yeyote. Mnamo Oktoba 2016 walifunga safari ya kuja Nairobi kwa miguu na mabasi kuidai haki yao, na mashirika yaliyowasaidia yalifuata nyuma yao. Huo ndio mpangilio unaofaa: mwenye shida mbele, mwenye kumsaidia nyuma yake.

Basi nini kifanyike pale vita vinapowakumba watu wa namna hii? Mimi si mtaalamu wa misaada, lakini nadhani kipimo hakihitaji utaalamu mwingi. Mtu anapokuonyesha mpango wa ubia wa hisani, muulize maswali matatu. Kwanza, nani ameshika mfuko wa fedha? Pili, nani ana uwezo wa kukataa, yaani kusema mahali hapa hapafai, tafuteni pengine? Tatu, siku shirika kubwa litakapoondoka, nani atabaki anayemjua mtoto huyu kwa jina, na je, atakuwa bado analipwa? Ikiwa majibu yote matatu yanaelekea Geneva, huo ni msaada, na pengine ni msaada mwema, lakini usiitwe ubia.

Sisemi kwamba mashirika makubwa yaondoke. Bila malori yao watu wangekufa njaa, na bila sauti yao serikali nyingi zisingesikia. Nasema kwamba wakati wa kujenga daraja ni kabla ya mafuriko. Ufadhili wa mwaka mmoja mmoja, unaokuja na vita na kukauka picha zikichakaa, hauwezi kumfunza mjumbe wa afya wala kumlea mwalimu msaidizi. Watu hao huandaliwa wakati wa amani, wakati ambapo hakuna mpiga picha. Fedha za wakati wa vita ziwapate wakiwa tayari wamesimama.

Mwaka uliofuata nilimwona binti yule katika uwanja wa shule, siku ya kutoa zawadi. Nilimwita kando nikamwambia kwamba jibu nililompa siku ile lilikuwa la mtu mvivu, na kwamba wasio na karatasi si wachache kama nilivyomwambia. Alitabasamu kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba aliuliza kwa sababu nyumbani kwao Isiolo mjomba wake alikuwa amekitafuta kitambulisho kwa miaka sita.

Tangu siku hiyo, kila ninapowaandikisha wanafunzi wapya, huanza kwa kumuuliza mtoto jina lake. Cheti hukitazama baadaye.